Pumzi za Mama na Kibuyu cha Maziwa

Mgonjwa wa kwanza niliyempima nje ya hospitali, baada ya kurudi Bukoba na diploma yangu ya utabibu, alikuwa mama yangu mzazi. Alikuwa ameketi sebuleni kwetu Izigo, miguu ameinyoosha mbele yake. Nilipobonyeza kidole juu ya kifundo cha mguu, shimo lilibaki, na halikuondoka upesi. Nikachukua mpira wa kusikilizia, nikauweka kifuani pake. Nilichosikia sikukipenda. Moyo ulikuwa unakimbia, unajikwaa, unasimama kidogo, kisha unakimbia tena kama mtu anayeteremka mlima na mzigo kichwani.

Baba alikuwa amesimama mlangoni, anatazama.

"Huo mpira unasema nini?" aliuliza.

"Unasema mama amechoka."

"Hilo ningekwambia mimi, na sijafika Kampala."

Niseme wazi, maana sioni sababu ya kunyenyekea katika jambo la kweli: siku zile za utawala wa Mwingereza, katika Izigo yote hapakuwa na mtu mwingine mwenye diploma. Madresa, wale wasaidizi wa hospitali, walikuwepo, na walifunga vidonda vizuri. Mwenye diploma nilikuwa mimi. Sikupelekwa na chifu, wala sikuwa na mjomba ofisini. Nilibeba kahawa za watu kichwani mpaka Bukoba mjini ili nipate karo, na siku nilipopanda meli kwenda Uganda nilikuwa na koti moja, ambalo mikono yake ilikuwa mifupi. Niliporudi nilijenga nyumba ya matofali Rwamishenye, nikaitundika diploma ukutani ndani ya fremu ya kioo. Wageni walisimama mbele yake kwanza kabla ya kuketi, hata wale wasiojua kusoma.

Nilimpeleka mama hospitali. Daktari mkuu, Mwingereza asiyependa maneno mengi, alimpima muda mrefu kisha akanivuta kando. Alisema mlango mmoja wa moyo umeharibika, pengine tangu homa ya utotoni. Dawa itasaidia, alisema, lakini haitaponya. Asikimbie, asibebe mizigo, asipige kelele. Na asipewe habari mbaya kwa ghafla.

Dawa ilipunguza uvimbe wa miguu. Haikuondoa ile hofu iliyokuwa inamshika mama kifuani, hasa jioni, akahisi kwamba moyo unataka kutoka. Hofu ikimshika, mapigo yanaongezeka. Mapigo yakiongezeka, hofu nayo inakua. Hapo ndipo nilipokumbuka jambo la Kampala ambalo halikuwa kwenye mtihani wowote.

Katika wodi ya wagonjwa wa kifua kulikuwa na bibi mmoja wa Kiingereza aliyewafundisha wenye pumu namna ya kupumua. Wenzangu walipita wakicheka. Mimi nilisimama, nikaangalia. Niliona mgonjwa aliyekuwa anahangaika kama samaki juu ya mchanga akitulia bila sindano, kwa kuvuta pumzi kidogo kupitia puani na kuitoa polepole, muda mrefu kuliko alivyoivuta. Niliomba ruhusa ya kushika kifundo cha mkono wa mgonjwa wakati anafanya hivyo. Pumzi ilipotoka, mapigo yalilegea. Niliwauliza walimu wangu kwa nini, na jibu lao halikunitosha, lakini vidole vyangu vilikuwa vimekwisha kujua.

Msomaji ambaye moyo wake unamsumbua anaweza kujaribu hivi hivi, bila kuacha dawa ya hospitali. Aketi wima, alegeze mabega. Avute hewa mpaka tumbo linyanyuke, si kifua. Asiibane. Aitoe taratibu kama anayepoza uji, na pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia. Afanye asubuhi na jioni, awe na shida au asiwe nayo, ili siku shida itakapokuja mwili uwe unaijua njia.

Kwa mama haikuwa rahisi. Nilimwambia ahesabu. Akihesabu, alisahau kupumua. Akipumua, alisahau hesabu, na kukasirika kwake kulimwongezea mapigo. "Mwanangu," alisema, "kazi yako hii ni ngumu kuliko kupalilia." Siku moja nikiwa Izigo nilimkuta anasukasuka maziwa, kibuyu mapajani, anakivuta kwake na kukisukuma taratibu kama alivyofanya tangu alipokuwa msichana. Nilisimama kando, nikasikiliza. Alikuwa anapumua vizuri kabisa. Kibuyu kikija, anavuta hewa. Kikienda, anaiachia, na kilikuwa kinachelewa kwenda kuliko kuja. Nikashika mkono wake pale pale. Moyo ulikuwa umetulia kuliko siku zote nilizowahi kuupima.

Nilimwondolea kibuyu polepole. "Endelea, Mae," nilimwambia, kwa jina tunalomwitia mama kwetu. "Mikono iendelee." Akaendelea, mapajani pasipo kitu, macho yamefumbwa. Hakuna daktari aliyenifundisha hilo. Nililiona mwenyewe.

Tangu hapo, hofu ilipomkaribia, mama aliketi, akaweka mikono mapajani na kusukasuka kibuyu kisichokuwepo. Alirudi kwenda kanisani kwa miguu yake. Alichuma kahawa za matawi ya chini. Baba alimcheka mbele ya majirani: "Mke wangu anasukasuka hewa. Siagi yake tutaila lini?" Mama alimjibu bila kufumbua macho: "Utaila siku utakayonyamaza." Nilikuwa nakuja kutoka Rwamishenye kila nilipopata nafasi, na kila mara vidole vyangu viliniambia nilikuwa sahihi.

Masika yaliyofuata miguu yake ilivimba tena, nikamchukua akae kwangu, karibu na hospitali. Baba alibaki Izigo kwa sababu ya ng'ombe na kahawa. Mvua zile zilimletea kichomi. Jirani zetu walitaka kumpandisha lori aje mjini. Alikataa, akasema hajafikia kubebwa kama gunia. Kabla sijapata habari kwamba anaumwa, jirani mmoja alifika hospitali kwa baiskeli, amelowa, ameshika kofia mikononi. Nilipoiona ile kofia sikuwa na haja ya kuuliza.

Nilimkuta mama ukumbini anachambua maharage.

"Mae," nilisema, "tupumue kwanza."

Aliniangalia. Mama hakuwa mjinga. Hakuna tabibu anayetoka kazini mchana kuja kupumua na mama yake. Aliweka ungo chini, akaweka mikono mapajani, akaanza. Nilishika mkono wake, nikasubiri mpaka mapigo yatulie, na hayakutulia upesi.

"Ni baba yako," alisema.

"Ndiyo, Mae."

Mikono yake haikusimama. Ilikwenda na kurudi, ilikwenda na kurudi, na machozi yakaanguka juu yake bila sauti yoyote. Moyo ule ambao daktari alisema kishindo kitauangusha haukuanguka. Nitalisema hili mbele ya daktari yeyote.

Sasa lazima nieleze desturi ya ukoo wetu, maana bila hiyo mengine hayaeleweki. Baada ya maziko, nyasi mbichi hutandazwa nene ndani ya nyumba, na wafiwa hukaa na kulala juu yake mpaka siku ya kuziondoa. Siku hizo hakuna anayegusa jembe. Hakuna anayesukasuka maziwa. Yanaachwa yagande yenyewe. Alfajiri na jioni wanawake hulia kwa sauti kubwa, kilio cha maneno, kinachomwita marehemu na kumweleza aliowaacha. Mjane ndiye anayekianzisha. Wengine wanamsubiri. Mchungaji wetu wa Kilutheri alikuwa anahubiri kwamba kupiga kelele ni kwa wasio na tumaini. Mke wa mchungaji huyo huyo, alipofiwa na mama yake mzazi, alilia mpaka akapoteza sauti.

Nilimkataza mama kulia. Nilimwambia kwenye lori, njia nzima ya Izigo, na aliitikia kwa kichwa. Kilio kile hutoka tumboni kwa nguvu zote, tena na tena, na katikati hakuna nafasi ya pumzi. Mtu mzima hutoka jasho. Kwa moyo wake ilikuwa sawa na kumwambia akimbie mlimani.

Alfajiri ya kwanza wanawake waliketi kwenye nyasi, wamejifunika khanga, wakasubiri. Mama alikaa katikati yao. Aliweka mikono mapajani. Mikono ikaanza kwenda na kurudi. Kimya kilikuwa kirefu mpaka nikasikia matone ya mvua yakidondoka kutoka kwenye majani ya migomba. Mwishowe shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, ambaye kwetu tunamwita ishenkazi, alianzisha kilio mwenyewe. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti ambayo ingeweza kufika Muleba bila posta. Aliita, wengine wakampokea. Katikati ya sauti zote zile mama alifumba macho na kusukasuka.

Jioni ikawa hivyo tena. Na kesho yake. Nilianza kusikia minong'ono jikoni. Aliyekufa alikuwa peke yake. Mke alikuwa wapi? Mjini. Na sasa hamlilii. Na ile mikono? Siku ambazo hata kibuyu kinapumzika, yeye anasukasuka nini?

Shangazi hakuwa mtu wa minong'ono. Alisimama mbele ya watu wote, wanaume wakiwa nje kwenye viti na wanawake ndani, akaniita.

"Wewe msomi. Njoo utuambie. Mama yako anasukasuka nini msibani mwa kaka yangu?"

"Anapumua, Ishenkazi."

"Sisi hapa tunafanya nini? Tumekufa?"

Mtu mmoja alicheka. Nilieleza. Nilieleza kama ninavyoweza kueleza mimi, kwa Kihaya kizuri, nikawachorea moyo kwa kijiti kwenye udongo, vyumba vyake na milango yake, na ule mlango mmoja uliokuwa hauzibi. Niliwaambia walikuwa wanatazama tiba ambayo hata Kampala wachache wanaijua. Walisikiliza. Kisha baba mdogo, ambaye sasa ndiye aliyekuwa mkubwa wa nyumba, alitazama ule mchoro akasema, "Na wa kwangu una mlango uliovunjika tangu juzi. Mbona mimi sikupewa ruhusa ya kunyamaza?"

"Wa kwako ni mzima, Baba."

"Umeupima?"

"Hapana."

"Basi huyo ni mganga wa kupima kwa macho," alisema mmoja wa wazee.

Shangazi alinikaribia. Hakupaza sauti tena, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Ile karatasi yako ya kwenye kioo, ilimfaa nini kaka yangu?"

"Hakuniita, Ishenkazi."

"Angekuitaje? Ulikuwa mjini, na mkewe ulikuwa naye mjini, mnapumua."

Baba mdogo ndiye aliyefunga mazungumzo. Alisema siku ya kuondoa nyasi mjane ataanzisha kilio, kama walivyofanya wajane wote wa nyumba ile. Asipoanzisha, watu watajua amemkataa mumewe. Na mwanamke aliyemkataa mumewe hana sehemu katika kibanja, shamba la ukoo tunamoishi na kuzikwa, akiwa hai wala akiwa amekufa.

Mama alisikia yote. Mikono yake ilikuwa mapajani.

Baadaye tulikwenda kwenye migomba, yeye na mimi, mpaka karibu na kaburi. Udongo ulikuwa bado mwekundu. Alikaa juu ya gogo la mgomba lililokatwa, nami nikachuchumaa mbele yake.

"Utakaa kwangu," nilimwambia. "Nyumba ina vyumba. Ni ya matofali. Sihitaji kibanja cha mtu."

"Najua huhitaji."

"Kahawa nitakununulia zako. Nitakupandia Rwamishenye."

"Na baba yako utampandia huko?"

Nikageuka kutazama kaburi.

"Hawa wanadhani silii kwa sababu simpendi," alisema. "Hilo naweza kulivumilia. Wanawake hawa nawajua, watasahau wakati wa senene. Lakini nikizikwa mbali naye, watoto wako wataambiwa nini? Kwamba bibi yenu alikuwa anaroga kwa mikono?"

"Wataambiwa na mimi ukweli."

"Wewe hukai hapa, mwanangu. Wanaokaa ndio wanaosimulia."

Nikamwambia maneno ya daktari Mwingereza, yote, kwa mara ya kwanza. Nilimwambia kwamba kilio kile kitamuua. Sikuyapaka asali. Alisikiliza huku anavuta khanga yake mabegani, maana ubaridi wa mvua ulikuwa umeanza kuingia.

"Mimi sijambo," alisema. "Uliniongezea pumzi. Nilichuma kahawa nikiwa nimesimama, nikaenda kanisani, nikagombana na baba yako mwaka mzima. Pumzi hizo ni zangu sasa. Niache nizitumie ninapotaka."

Alfajiri ya kuondoa nyasi nilikaa nyuma yake, mahali ambapo mwanamume hakai, na hakuna aliyenifukuza. Nilikuwa nimeshika mkono wake wa kushoto chini ya khanga. Wanawake waliketi, wakasubiri. Mama alisukasuka kwa mkono mmoja, taratibu, mara chache. Nilihisi mapigo yakitulia chini ya vidole vyangu, na kwa kitambo kidogo niliamini kwamba amebadili nia.

Kisha akavuta hewa, mpaka tumboni, kama nilivyomfundisha, akalia.

Sijawahi kusikia sauti ile kabla wala baada. Haikuwa kubwa kama ya shangazi. Ilikuwa ndefu. Alimwita baba kwa jina la utani ambalo sisi watoto hatukuruhusiwa kulitaja, akamwambia ng'ombe wamekamuliwa, kahawa zimeiva juu ambako mkono wa mkewe haufiki, na ile siagi iko tayari, aje aile. Kila alipomaliza pumzi alivuta nyingine, kwa utulivu, akaitoa yote mpaka mwisho. Wanawake walichelewa kumpokea. Walipompokea, nyumba ilitikisika. Chini ya vidole vyangu moyo wake ulianza kujikwaa, kisha ukakimbia, na mimi sikuweza kufanya lolote ila kuhesabu.

Alilia mpaka kilio kikaisha kama desturi inavyotaka, hakukatisha. Nyasi zikakusanywa, zikatolewa nje. Baba mdogo aliingia, akapiga goti moja mbele yake, akamwambia, "Umetulilia ndugu yetu." Shangazi alimletea maji ya kunawa uso. Mama alinawa, akaegemea ukuta, midomo imekuwa na rangi ya majivu. Nilimwambia tupumue. Aliweka mikono mapajani. Mikono ilikwenda, ikarudi. Ilikwenda. Nilikuwa bado nasubiri irudi, na watu walikuwa bado wanatoa nyasi mlangoni.

Siku hiyo hiyo walikata nyasi nyingine.

Alizikwa kando ya baba, chini ya migomba ile ile, na hakuna aliyelipinga. Wakati wa kilio chake nilikaa kwenye nyasi, nikavuta pumzi na kuitoa, alfajiri na jioni, mbele ya ukoo mzima. Hakuna aliyeniuliza nafanya nini. Moyo wangu ulinihitaji, nami nilikuwa na ujuzi. Daktari mkuu aliniambia baadaye kwamba kwa moyo ule hakutegemea amalize hata mwaka, na mama alikuwa amepita hapo. Hiyo ilikuwa kazi yangu, na yake. Sijaona mtu wa kuniondolea hilo.

Wakati wa senene wa mwaka uliofuata, shangazi alikuja Rwamishenye. Alikuja kwa miguu kutoka alikoshushwa na lori, amepungua, na fimbo mkononi. Alisimama mbele ya ile diploma kama wote wanavyosimama. Hakujua kusoma. Aliitazama muda mrefu.

"Moyo unanikimbia," alisema, bado amenipa mgongo. "Tangu pale. Kukicha tu, unaanza."

Sijawahi kumfukuza mgonjwa mlangoni, na sikuanza na yeye. Nilimkalisha kwenye kiti, nikaweka mpira kifuani pake. Moyo ulikuwa mzima. Ulikuwa unapiga haraka, kwa hofu tu, lakini milango yake yote ilikuwa inafunga. Nilimwambia hivyo. Nilimwambia kwamba hospitalini hakuna dawa ya kumpa.

"Sikuja kwa dawa," alisema. Aliangalia mikono yake mikubwa, kisha akanitazama kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Ile ya mama yako. Nifundishe."

Nilivuta kiti changu karibu. "Weka mikono mapajani, Ishenkazi. Fanya kama umeshika kibuyu. Kikija, vuta. Kikienda, achia. Kichelewe kwenda."

Alifumba macho. Mwanzoni alikwenda mbio, nikamwambia apunguze. Akapunguza. Nilishika mkono wake, na baada ya muda mapigo yakaanza kushuka, sawasawa kama nilivyojua yatashuka.

"Ni hivi tu?" aliuliza.

"Ni hivi tu."

"Na yeye ilikuwa inamtosha?"

"Ilikuwa inamtosha."

Aliendelea kusukasuka, machozi yakimdondokea mikononi, na mimi niliendelea kushika mkono wake mpaka moyo ukatulia kabisa.